NORMAN ROCKWELL: MCHORAJI WA UMMA AU MCHORAJI WA WENYE MAGAZETI?

Utangulizi

Kila tunapozungumzia sanaa na umma, hapana budi tuanze na swali ambalo wengi hulikwepa: je, sanaa inayopendwa na watu wengi ndiyo sanaa inayowatumikia watu wengi? Wapo wanaojibu upesi kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Wanasema kwamba kama mfanyakazi ameikata picha gazetini na kuibandika ukutani kwake, basi picha hiyo ni yake. Wapo na wengine, hasa wale waliolelewa katika vyuo vya sanaa na majumba ya maonyesho, wanaojibu kinyume: kwamba chochote kipendwacho na wengi lazima kiwe duni. Majibu yote mawili ni ya uvivu. La kwanza linasahau kuuliza ni nani aliyeichapa picha ile na kuifikisha mpaka ukutani. La pili ni dharau ya kitabaka iliyovishwa nguo za elimu.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama maisha na kazi za mtu mmoja, Norman Rockwell wa Marekani, aliyezaliwa mjini New York tarehe 3 Februari 1894 na kufariki huko Stockbridge, katika jimbo la Massachusetts, tarehe 8 Novemba 1978. Tumemchagua kwa makusudi. Ingekuwa rahisi kumchagua mchoraji aliyefungwa gerezani kwa kuwadhihaki wafalme, maana kumsifu mtu wa namna hiyo hakuhitaji fikra nyingi. Rockwell hakufungwa. Alilipwa vizuri, alipendwa na mamilioni, na mwaka 1977 Rais Gerald Ford alimpa nishani ya juu kabisa ambayo raia wa nchi ile anaweza kupewa. Mtu wa namna hii ndiye anayetulazimisha kufikiri.

Fundi na kazi yake

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu mhakiki asiyejua jinsi kitu kinavyotengenezwa hana haki ya kukihukumu.

Rockwell aliacha shule ya sekondari ili ajifunze kuchora. Alisoma katika chuo cha National Academy na baadaye katika Art Students League mjini New York, ambako alifundishwa na George Bridgman, bingwa wa kuchora mwili wa binadamu, na Thomas Fogarty, aliyewafundisha vijana kuchora picha za vitabu na magazeti. Kabla hajafika miaka ishirini alikuwa tayari msimamizi wa picha katika Boys' Life, gazeti la maskauti. Tarehe 20 Mei 1916, akiwa na umri wa miaka 22, jalada lake la kwanza lilitoka katika Saturday Evening Post. Lilimwonyesha mvulana aliyevalishwa suti ya Jumapili akisukuma kigari cha mtoto mchanga, huku wenzake wawili waliovaa nguo za mchezo wakimcheka. Tangu siku hiyo aliendelea na gazeti hilo kwa muda wa miaka 47, na akalichorea zaidi ya majalada 320.

Majalada hayo hayakuzaliwa kwa msukumo wa ghafla. Kwanza alichora wazo lake kwa ufupi na kumpelekea mhariri. Likikubaliwa, aliwatafuta majirani wakae mbele yake kama watu wa kuigiza: kinyozi, mwalimu, mwendesha lori, mtoto wa mtaa wa pili. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 aliwapiga picha kwa kamera, picha nyingi kwa jalada moja, kisha akatumia mtambo wa kutupia picha ukutani ili apate mistari yake. Baada ya hapo alichora kwa mkaa picha kamili, akajaribu rangi katika karatasi ndogo, na mwisho akapaka rangi za mafuta kwenye turubai. Picha ambayo msomaji aliitazama kwa dakika moja ilikuwa ni kazi ya majuma mengi.

Tunayasema haya kwa sababu mbili. Kwanza, wapo waliomdharau Rockwell eti kwa kuwa alitumia kamera. Huo ni upuuzi. Fundi hahukumiwi kwa randa yake, huhukumiwa kwa mlango alioutengeneza. Pili, Rockwell mwenyewe hakuionea haya kazi yake. Kitabu alichosimulia maisha yake, kilichotoka mwaka 1960 kwa msaada wa mwanawe Thomas, amekipa jina linalomtaja kuwa ni mchoraji wa vitabu na magazeti. Vitabu vya Mark Twain juu ya Tom Sawyer na Huckleberry Finn, alivyovichorea picha mwaka 1936 na 1940, vinathibitisha kwamba alikuwa mtu wa kusoma kwanza na kuchora baadaye. Alisafiri hadi Hannibal, katika jimbo la Missouri, kijiji alikokulia Twain, ili ajue mitaa na nguo anazozichora.

Basi hatuna shaka na mkono wake. Shaka yetu iko kwingine.

Nani mwenye jalada?

Jalada la gazeti si picha tu. Ni sehemu ya mtambo wa biashara. Saturday Evening Post liliuzwa kwa miaka mingi kwa senti 5, bei isiyotosha hata kulipia gharama za kulitengeneza. Faida ilitoka wapi? Ilitoka kwa matangazo ya magari, sabuni, vyakula na bima. Kwa hiyo bidhaa halisi iliyokuwa ikiuzwa haikuwa gazeti kwa msomaji, bali msomaji kwa mwenye kutangaza. Jalada lilikuwa mlango wa duka hilo. Kazi yake ilikuwa kumfanya mpita njia asimame, atabasamu, na aingie akiwa na moyo mweupe.

Tukilielewa jambo hili, tutaelewa pia kwa nini katika mamia ya majalada hayo kuna mambo ambayo hayaonekani. Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya mtikisiko mkubwa wa uchumi wa kibepari. Mamilioni ya wafanyakazi wa Marekani walikosa kazi, wakulima walifukuzwa mashambani kwa madeni, na migomo ilizimwa kwa risasi. Mtu akiyapanga majalada ya Rockwell ya miaka hiyo mezani, atawaona wavulana wavuvi, wazee wanaosinzia, wapenzi waliokosana, mbwa. Njaa hataiona. Mgomo hatauona.

Lakini lililo zito zaidi ni ukimya juu ya Wamarekani Weusi. Rockwell mwenyewe, akiwa mzee, alieleza mwaka 1971 kwamba mhariri wake wa zamani aliwahi kumwagiza amfute mtu Mweusi katika picha ya kundi, kwa kuwa sera ya gazeti ilikuwa kuwaonyesha watu Weusi katika kazi za utumishi tu. Jalada la tarehe 7 Desemba 1946 ni mfano. Mvulana mzungu amekaa katika behewa la chakula la treni, ameshika hesabu yake, anapiga hesabu ya bakshishi. Kando yake amesimama mhudumu Mweusi akimtazama kwa upole. Mhudumu yule amechorwa kwa heshima, hatukatai. Uso wake ni uso wa mtu, si kinyago cha dhihaka kama vilivyokuwa vimejaa magazetini siku zile. Hata hivyo anaruhusiwa kuingia katika picha akiwa na sinia tu.

Hapa ndipo tunapokutana na jibu la kwanza la swali letu. Mamilioni waliyapenda majalada yale kwa dhati, na waliopendezwa wengi wao walikuwa watu wa kawaida. Lakini neno "watu" katika majalada hayo lilikuwa limekwisha kufanyiwa hesabu na wenye gazeti kabla mchoraji hajashika brashi.

Wala tusiseme kwamba zama zile hazikuruhusu kitu kingine. Katika miaka ya 1940 na 1941 kijana mmoja Mweusi wa Harlem, Jacob Lawrence, alichora picha 60 ndogo juu ya uhamaji mkubwa wa watu Weusi kutoka mashamba ya Kusini kwenda viwanda vya Kaskazini. Kuna vituo vya treni vilivyofurika watu, kuna nyumba zilizochomwa, kuna foleni za kazi, kuna jela. Historia ileile, nchi ileile, miaka ileile. Kilichotofautiana ni mahali mchoraji aliposimama na nani aliyempa ruhusa ya kutazama.

Uhuru wa aina nne

Tarehe 6 Januari 1941 Rais Franklin Roosevelt alilihutubia Bunge la nchi yake na kutaja uhuru wa aina nne: uhuru wa kusema, uhuru wa kuabudu, uhuru wa kutokuwa na ufukara, na uhuru wa kutokuwa na hofu. Rockwell aliamua kuzichora nguzo hizo nne. Alizipeleka kwanza kwa maofisa wa Serikali mjini Washington, wakamrudisha mikono mitupu. Saturday Evening Post likazichukua na kuzichapa katika matoleo manne mfululizo, Februari na Machi 1943. Baadaye Serikali ileile iliyomkataa ilizizungusha picha hizo katika miji 16. Watu wapatao milioni 1.2 walikwenda kuziona, na hati za mkopo wa vita zenye thamani ya zaidi ya Dola milioni 132 ziliuzwa.

Iliyo bora kuliko zote ni ile ya uhuru wa kusema. Rockwell aliipata kutokana na jambo aliloliona katika kijiji cha Arlington, Vermont, alikokuwa akiishi: jirani mmoja alisimama mkutanoni, akapinga jambo lililoungwa mkono na wengi, na wote wakamsikiliza mpaka mwisho. Katika picha, msemaji amevaa koti la kazi. Mikono yake ni ya mtu wa sulubu. Waliomzunguka wamevaa suti na tai, nao wanainua macho kumtazama. Hapa mchoraji amesema jambo la kweli juu ya demokrasia: kwamba haipimwi kwa idadi ya hotuba za wakubwa, hupimwa kwa masikio wanayopewa wadogo.

Lakini tuigeukie ile ya kutokuwa na ufukara. Bibi anaweka mezani bata mzinga mkubwa, familia inacheka, kitambaa cheupe kinang'aa. Tukumbuke kwamba Roosevelt alipovitaja vipengele vyake alisema wazi kuwa anakusudia kila mahali duniani. Mchoraji amelichukua neno la dunia nzima na kulifungia katika chumba kimoja cha kulia. Mwaka huohuo wa 1943, huko Bengali, chini ya utawala wa Kiingereza uliokuwa ukipigana vita kwa jina la uhuru huohuo, mamilioni walikufa kwa njaa. Na vijana Weusi wa Marekani waliokwenda vitani walikuwa wakipigana katika vikosi vilivyotengwa kwa rangi. Amri ya kufuta utengano huo haikutolewa mpaka tarehe 26 Julai 1948. Hatumlaumu Rockwell kwa kutoichora Bengali. Tunasema tu kwamba picha inayotafsiri haki ya wote kwa shibe ya mmoja, hata iwe nzuri namna gani, imeipunguza haki hiyo.

Mgeuko

Wahakiki wengi humaliza habari ya Rockwell hapo, na kumhukumu. Sisi hatuwezi, kwa sababu sehemu iliyobaki ndiyo inayotufundisha zaidi.

Mnamo mwaka 1961, ndani ya Saturday Evening Post lenyewe, alichapisha jalada lililokusanya watu wa mataifa, rangi na dini nyingi, wakiwa chini ya amri ya kale ya kumtendea mwenzako kama upendavyo kutendewa. Wazo lake lilitokana na mchoro wa mkaa juu ya Umoja wa Mataifa aliouanza karibu miaka kumi nyuma na kuuacha. Mwaka 1963 aliachana na gazeti lile. Alikuwa na umri wa miaka 69, wakati ambapo wengi huhesabu pensheni, naye akahamia gazeti la Look.

Tarehe 14 Januari 1964 Look lilichapisha picha yake juu ya Ruby Bridges. Tarehe 14 Novemba 1960 mtoto huyo wa miaka sita aliingizwa katika shule ya wazungu mjini New Orleans chini ya ulinzi wa maofisa wa Serikali ya Shirikisho, miaka sita kamili baada ya Mahakama Kuu kuutangaza utengano wa shule kuwa ni kinyume cha Katiba. Katika picha, mtoto anatembea wima, gauni lake jeupe, daftari na rula mkononi. Maofisa wanne wanamtangulia na kumfuata, lakini mchoraji amewakata vichwa kwa ukingo wa turubai. Ukutani kuna tusi dhidi ya watu Weusi, kuna herufi za kundi la Ku Klux Klan, na kuna nyanya iliyopasuka, maji yake yakitiririka.

Wazomeaji wako wapi? Hawaonekani. Hapo ndipo ulipo uzito wa picha hii. Nyanya ilirushwa kutoka upande wa mtazamaji. Msomaji mzungu aliyelifungua gazeti sebuleni kwake alijikuta amesimama palepale waliposimama wazomeaji. Kwa miaka 47 Rockwell alikuwa amemkaribisha msomaji huyo akae vizuri. Sasa, kwa ufundi uleule, rangi zilezile na usahihi uleule wa mikunjo ya nguo, alimwondolea kiti. Barua za hasira zilikuja pamoja na za pongezi.

Mwaka uliofuata alikwenda mbali zaidi. Tarehe 21 Juni 1964 vijana watatu waliokuwa wakiandikisha wapiga kura Weusi, James Chaney, Michael Schwerner na Andrew Goodman, waliuawa huko Mississippi. Chaney alikuwa Mweusi, wenzake wawili walikuwa wazungu. Rockwell alichora Schwerner akiwa amemshikilia Chaney asianguke, na Goodman amelala chini. Wauaji ni vivuli tu ardhini. Look halikuichapa picha iliyokamilika. Lilichagua ule mchoro wa awali, uliokuwa na ukali wa mkono usiokuwa na muda wa kupamba, likauchapa tarehe 29 Juni 1965. Mwaka 1967 alichora watoto wawili Weusi wamesimama karibu na lori la kuhamia, wakitazamana na watoto watatu wazungu wa mtaa. Wavulana wa pande zote mbili wana glavu za mchezo uleule. Hakuna anayesema. Mtazamaji anaachiwa amalizie.

Tusimkuze kupita kiasi

Hata hivyo uhakiki unaogeuka kuwa shangwe si uhakiki. Yapo mambo matatu ya kuyashika.

(i) Rockwell hakuutangulia umma, aliufuata. Kabla yake walikuwapo watoto waliovuka mistari ya wazomeaji, wanafunzi waliokaa katika meza walizokatazwa, wazee waliotembea kwa miguu kwa mwaka mzima huko Montgomery badala ya kupanda mabasi ya kibaguzi. Mapambano yao ndiyo yaliyofungua nafasi katika kurasa za Look. Mchoraji aliingia mlango uliokwisha kuvunjwa na wengine. Sifa yake ni kwamba aliingia, wakati wengi wa rika lake walibaki nje.

(ii) Look nalo lilikuwa gazeti la biashara, lililoishi kwa matangazo mpaka lilipofungwa mwaka 1971. Kwa hiyo tusiseme kwamba alitoka katika mfumo. Alihama kutoka chumba kimoja kwenda kingine chenye dirisha pana zaidi.

(iii) Macho ya zamani hayakumtoka yote. Mwaka 1966 alitumwa kuchora kazi za Peace Corps, akafika hadi Ethiopia. Kikosi hicho tunakifahamu: kilifika Tanganyika tangu mwaka 1961. Picha kuu iliyochapwa na Look mwezi Juni mwaka huo imepanga sura ya marehemu Rais Kennedy na sura za vijana waliojitolea, wote wakikodolea upande mmoja. Nyuso ni za wanaotoa. Wanaopewa, ambao kwa jina lao kazi ile inafanyika, hawamo. Mtu aliyejifunza kumwona Ruby Bridges alikuwa bado hajajifunza kumwona mkulima wa Ethiopia kama mwenye safari yake mwenyewe.

Picha baada ya mchoraji

Yaliyozipata picha hizi baada ya kifo chake nayo ni sehemu ya uhakiki. Rockwell alichora ili kuchapwa. Picha yake halisi, kwa maoni ya wasomaji wake, ilikuwa ile ya senti chache iliyofika nyumbani. Lakini mwaka 2013 turubai ya jalada lake la 1951, la bibi na mjukuu wakishukuru kabla ya kula katika mgahawa, liliuzwa kwa mnada kwa Dola milioni 46. Chombo kilichotengenezwa kumfikia kila mtu kimegeuka kuwa mali ya mtu mmoja.

Mfano mwingine unauma zaidi. Jalada lake la 1950, la kinyozi na wenzake wakipiga muziki usiku katika chumba cha nyuma cha duka, Rockwell aliwapa majirani zake kupitia jumba la makumbusho la Berkshire, mjini Pittsfield. Mwaka 2018, baada ya kesi na upinzani wa wananchi na wa wana wa mchoraji, jumba hilo liliiuza ili kupata fedha. Iliponunuliwa na jumba jipya la Los Angeles, wauzaji walijitetea kwamba angalau itaonekana na umma. Lakini umma aliokuwa amewapa alikuwa anawajua kwa majina.

Kwa upande mwingine, mwaka 2011 ile picha ya 1964 ilitundikwa katika Ikulu ya Marekani, na Ruby Bridges mwenyewe, sasa mtu mzima, akasimama mbele yake pamoja na Rais Barack Obama. Tunalitaja jambo hili bila kulipamba. Picha ikitundikwa Ikulu inaweza kuwa ushindi, na inaweza pia kuwa njia ya kuliweka swali mahali pa heshima ili lisiulizwe tena mitaani. Mauaji ya Mississippi yenyewe hayakupata hukumu katika mahakama ya jimbo lile mpaka mwaka 2005.

Hitimisho

Tulianza na swali la sanaa inayopendwa na sanaa inayotumikia. Maisha ya Rockwell yanatupa majibu ambayo tunapenda kuyasisitiza.

Kwanza, kupendwa ni nguvu, si ushahidi. Mchoraji anayefahamika katika kila nyumba amepewa silaha. Inabaki kuulizwa anamlengea nani. Picha ya 1964 ilifanya kazi kwa sababu ililetwa na mkono ambao wasomaji walikuwa wameuamini kwa karibu nusu karne. Mchoraji mkali asiyejulikana asingeweza kuingia katika sebule zile.

Pili, mhariri na mwenye gazeti ni sehemu ya picha. Mhakiki anayehesabu rangi na mistari, asiulize nani alimfuta yule mtu Mweusi, amehakiki nusu ya kazi. Swali hili linawahusu wote wanaosimamia magazeti, mashirika ya uchapaji na vyombo vya habari, pamoja na vya umma. Ni watu gani ambao katika kurasa zetu huonekana wakiwa na sinia tu?

Tatu, kujikosoa kwa msanii hakutoshi kuwa kwa maneno. Rockwell alikuwa na kila sababu ya kustarehe. Alichagua kurudi kwenye turubai na kumchora yule aliyekuwa ameamriwa kumfuta. Alichelewa, na kuchelewa huko tumekutaja. Lakini alirudi na ufundi wake wote, bila kuona kwamba jambo zito linastahili kazi ya haraka haraka, na bila kuona kwamba umri wake unamwondolea wajibu.

Kwa wasanii vijana wanaotuuliza kama wamwige Rockwell, tunasema: wajifunze kwake kazi ya mkaa kabla ya rangi, na majuma yale mengi ya jalada moja. Kisha, kabla ya kupeleka picha kwa mhariri, wahesabu waliomo, na wawahesabu wasiomo.